Si wa Gitambi, Wala Si Asiye wa Gitambi

Zamani nilipokuwa nauza vitenge, mteja mmoja alisema kwamba mimi hata salamu naigeuza kwanza, niangalie upande wa nyuma kama haina kasoro. Sikukasirika. Kitenge kisichogeuzwa hakinunuliwi, na salamu nyingi za sokoni zina kasoro upande wa nyuma.

Tabia hiyo niliingia nayo ofisini. Mwaka ule mpaka ulipofungwa na biashara ya kuvuka ikalala, chama chetu cha ushirika cha wachuuzi wa Kamembe kilitafuta mtu wa kujifunza kompyuta. Kamati ilinichagua mimi kwa sababu nilikuwa na miwani. Nilisoma miezi mitatu katika chumba chenye kompyuta sita. Nilizihesabu mara mbili: sita zilikuwa mezani, nne zilikuwa zinawaka. Nikatoka na cheti, na tangu siku ile hakuna aliyeniita tena kwa jina. Mimi ni Maman Secrétaire.

Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Dirisha linaangalia ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Bukavu, nilikozaliwa, nikasoma, nikamzika mama yangu. Zamani nilikuwa navuka mara mbili kwa siku. Sasa sina wa kumvukia. Dada yangu alihamia mbali, akabadilisha namba ya simu mara tatu; ya nne sikupewa. Kule walikuwa wakituita Wanyarwanda, na nilipofika huku wakaniita Mkongomani. Nilijaribu kupatana na pande zote mbili, hakuna aliyepunguza.

Mchana nakula peke yangu mbele ya mashine, ugali wa muhogo na sombe ya majani yake katika bakuli lenye mfuniko. Mtu anayeshinda na wanachama mia nne na kumi na wawili huwezi kumwita mpweke. Ila wote wako ndani ya jedwali.

Jedwali hilo sisi tunaliita baze. Kila mwanachama ana mstari wake, na katika mstari kuna vyumba: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, anachouza, mtu wa karibu, na cha mwisho kinaitwa sekta ya asili, maana yake kule kilima cha ukoo wako kilipo. Chumba hicho cha mwisho kiliwekwa kwa sababu ya misiba. Mwanachama akifariki, chama lazima kijue kinapanda kilima gani na mchele wake na maharage yake. Baadaye kila kitu kikaanza kufuata chumba hicho: mbegu, semina, hata zamu ya kufagia soko. Kwetu ukitaka kugawa jambo lolote bila ugomvi, unaligawa kwa asili.

Ukitaka watu fulani tu kutoka kwenye baze, unaiandikia swali lenye masharti, nayo inachuja. Wanaokidhi masharti wanapita, wengine wanabaki juu ya chujio kama majani ya chai. Hiyo ndiyo kazi yangu, na niliipenda tangu mwanzo, kwa sababu masharti nayajua. Maisha yangu yote nimesimama sokoni nikisema nitachukua kama ni hivi, na kama si vile.

Sasa, kulikuwa na madaktari wa macho waliokuwa wanakuja. Wanakuja kwa siku chache, wanapima Alhamisi, wanapasua Ijumaa, wanaondoka, na kurudi kwao hakuna anayekujua. Walikuwa wamekubali kuwaona wanachama wetu wenye miaka hamsini na kuendelea. Muuguzi wa kituo cha afya alinipigia simu akanieleza: wale wa sekta za Nyakabuye, Gitambi na Giheke walikwisha kupimwa wiki iliyopita kwenye vituo vya kwao, kwa hiyo niwaondoe, nimpe orodha ya waliobaki. Orodha ifike Jumatano kabla ya saa sita mchana, kwa sababu vifaa vinaletwa kwa hesabu ya majina. Asiyekuwa kwenye orodha, alisema, asije kumlilia mlangoni.

Jumatatu nikaandika swali. Umri hamsini na kuendelea. Na asili si Nyakabuye, au si Gitambi, au si Giheke. Yakatoka majina mia moja na matano, na wa Gitambi walikuwa humo wamejaa.

Nilicheka peke yangu, kicheko ambacho ofisini kwangu hakina wa kukipokea. Kosa lilikuwa langu, na mchuuzi yeyote angeliona. Ukimwambia muuza ndizi, "Niletee isiyo mbichi, au isiyooza," atakuletea iliyooza na kukwambia: hii si mbichi, Maman. Yuko sahihi, umempa mlango wa kutokea. Na wa Gitambi si wa Nyakabuye, kwa hiyo amepita. Nikafuta kila "au," nikaweka "na." Si Nyakabuye, na si Gitambi, na si Giheke. Wakatoka hamsini na wanane.

Sikuamini kwa mara moja. Siamini kitu kwa mara moja. Nikaandika swali lingine kinyume, nikaiomba mashine inipe wenye umri huo ambao ni wa zile sekta tatu tu. Arobaini na saba. Nikachukua kalamu: hamsini na wanane na arobaini na saba ni mia moja na watano. Namba ileile ya kwanza. Hesabu imekaa kama kifuniko kwenye chungu. Nikachapa orodha, nikaishusha chini, nikaibandika kwenye mlango wa ngazi, nikarudi kumaliza sombe yangu iliyokuwa imepoa.

Jumanne asubuhi nilisikia mtu akipanda ngazi polepole, akipapasa ukuta. Nilimjua kabla hajaingia. Ni mama anayeuza sambaza, vidagaa vya ziwani, upande wa juu wa soko, karibu na wanaouza chumvi. Amenizidi umri, tena kwa mbali. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kabisa, na la kushoto lilikuwa linafuata. Mwaka mzima alikuwa amejifunza kuwasalimu wateja yeye kwanza, kwa sauti, wamjibu ajue ni nani. Mawe yaliyoingia kwenye sambaza alikuwa anayatafuta kwa vidole. Wateja wa zamani walivumilia. Wapya walinunua mara moja wakapata jiwe.

Alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, ndivyo tulivyozoeana, akaniambia batoto wa chini wamemsomea ile karatasi mara mbili na jina lake haliko. Nikamwambia haiwezekani. Akasema labda ni wao hawajui kusoma. Nikashuka mwenyewe, nikaisoma nikiweka kidole kwenye kila jina, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

Niliporudi hakuniuliza. Alisikia kwa miguu yangu.

"Bon," alisema. "Si kitu, Maman Secrétaire. Mi na maliste hatujawahi kupatana."

"Ngoja kwanza. Kuna kosa."

"Kosa gani? Kule tulikimbia, liste ya mahema hatukuwamo. Huku tulifika, liste ya mabati hatukuwamo. Mi nilishazoea. Shida yangu ni moja tu." Alitafuta ukingo wa meza kwa mkono. "Sambaza ikiharibika, jicho njo linajua kwanza, mbele ya pua. Mwezi uliopita niliuzia muntu yenye kuoza. Alirudisha, hakunitukana. Angenitukana, ningelala vizuri."

Alishuka zake, akisema anakwenda kufunua beseni kabla jua halijawa kali. Mtu akilalamika nina jibu, nimezoea makelele. Huyu alikuwa ameniachia ukimya kama mteja anayeweka kitenge chini na kuondoka bila kutaja bei.

Mwenyekiti wetu alipanda baada ya muda. Ni fundi cherehani, mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi na ulimi mchafu kidogo, na hakuna jambo linalopita ngazi zile asilijue. Alisema labda yule mama hakujiandikisha. Nikamwambia nilimwandikisha kwa mkono huu, tumekaa kwenye benchi sokoni, mimi na fomu, yeye na beseni.

"Basi mashine yako inabagua kuliko kamati," alisema. "Na kamati yetu inabagua sana."

Nilimpigia simu fundi wa Kigali aliyetutengenezea baze. Akatuma ujumbe kwamba yuko kwenye kikao. Fundi huyo nimemfahamu miaka mitatu na bado hajatoka kwenye kikao.

Kwa hiyo nikafanya kama ninavyofanya kikapu cha nyanya kikinuka. Huwezi kukaa unanusa kikapu chote. Unatoa moja moja. Kwanza nikamtafuta yule mama kwa namba yake ya uanachama, bila sharti jingine. Akatoka, mzima, na mwaka wake wa kuzaliwa na neno sambaza. Basi yumo. Nikaweka sharti la umri peke yake. Akatoka tena. Umri si tatizo. Nikaondoa umri, nikaweka yale masharti matatu ya asili. Akapotea.

Nikapunguza tena. Nikaacha sharti moja: namba yake, na asili si Gitambi. Akapotea. Nikasema sawa, basi kumbe ni wa Gitambi, niliandika hivyo nikasahau. Nikageuza: namba yake, na asili ni Gitambi. Akapotea pia.

Hapo nilivua miwani nikaifuta. Mtu mmoja, chama kimoja, baze moja. Nikiuliza kama ni wa Gitambi, hayupo. Nikiuliza kama si wa Gitambi, hayupo. Nimekutana na wafanyabiashara wanaokataa kusema ndiyo na kukataa kusema hapana, lakini hao angalau wanaonekana wakiwa wamesimama.

Nikamrudisha kwa namba yake, nikausoma mstari wote taratibu, chumba kwa chumba, hadi cha mwisho. Kwenye asili hapakuwa na sekta. Palikuwa na neno dogo la kijivu ambalo mashine huweka penye utupu: NULL. Mwalimu wetu wa hesabu kule Bukavu alikuwa analiandika hilohilo kwa Kifaransa, herufi moja pungufu, maana yake si kitu, kwenye madaftari ya wavivu, na nililiona jinsi lilivyo na dharau ileile.

Nikaelewa taratibu, kama mtu anayeelewa kwamba ameibiwa. Kwetu sisi, asiyesema yeye ni wa Gitambi basi si wa Gitambi, tunaendelea. Mashine haiko hivyo. Haijui ni wa wapi, kwa hiyo haiwezi kuapa kwamba ni wa Gitambi, wala kuapa kwamba si wa Gitambi. Na chujio linampitisha yule tu ambaye mashine ina hakika naye. Asiyejulikana hakataliwi, haitwi tu. Hakuna kengele inayolia, hakuna maandishi mekundu.

Kilichoniuma zaidi ni ile hesabu yangu. Niliuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza: wenye umri huo ni wangapi kwa jumla, bila kutaja asili kabisa? Mia moja na kumi na wanane. Mimi Jumatatu niliridhika na mia moja na watano. Nilihesabu mara mbili, ndiyo, lakini mara zote mbili nilihesabu waliokwisha kupita mlangoni. Watu kumi na watatu walikuwa nje, na hesabu yangu ilikuwa safi bila wao.

Nikaiomba mashine inipe wote wenye utupu. Katika chama chote ni thelathini na mmoja, na wenye miaka hamsini na kuendelea ni hao kumi na watatu. Nikaanza kuwasoma, na nikawajua wote, mmoja mmoja. Muuza maandazi aliyelelewa Uvira. Fundi viatu wa karibu na stendi. Yule wa mkaa. Wote ni wa huku waliolelewa kule. Na kila mmoja nilikumbuka nilivyomwandikisha.

Fomu ilipofika kwenye asili, nilikuwa nauliza: Maman, Papa, kilima chenu ni kipi? Na watu wengine walijibu kabla sijamaliza. Lakini hawa walikuwa wanaangalia pembeni. Mmoja alianza kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa. Mwingine alisema, acha hapo tutarudi. Na mimi niliacha. Kwetu swali la namna hiyo halirudiwi. Unajua kwamba nyuma ya ukimya kuna baba aliyeondoka akiwa mtoto, au jina la kilima ambalo bibi alikataa kulitamka, na mtu mwenye adabu anageuza ukurasa. Vitu vyote nilivihesabu mara mbili, lakini swali hilo nililiuliza mara moja tu, na nilidhani huo ulikuwa wema.

Wa kumi na tatu nilikuwa mimi.

Sikumbuki nilijiandikisha lini. Lazima nilikaa hapahapa, kwenye kiti hiki, nikajaza jina, mwaka, vitenge, nikafika kwenye asili, na bila mtu wa kuniangalia nikageuza ukurasa. Baba alinitajia kilima mara moja nikiwa mdogo. Tulikuwa tunamenya maharage. Naikumbuka sufuria, ilikuwa na shimo lililozibwa kwa sabuni. Kilima sikikumbuki. Hata mimi mwenyewe sikujiuliza mara ya pili.

Nje mtu alikuwa anapima godoro kwa kulilalia, na wenzake wakimcheka.

Mwenyekiti alirudi nikamweleza, na alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, maana mtu wa kukata nguo anajua kitambaa kinachobaki. Suluhisho lake lilikuwa tayari.

"Waandike wote Kamembe. Thelathini na mmoja, dakika kumi, kesi imekwisha."

Nikamwambia hicho ni chumba cha asili, si cha makazi. Akasema madaktari wanapasua macho, hawapasui asili. Nikamwambia siku mmoja wao akifariki, tutapanda kilima gani, ngazi za duka la magodoro? Akasema hapo nimempata, lakini saa sita ya kesho haingojei misiba. Tukapatana. Nimwulize kwanza mwenyewe, yule mama, na akikubali Kamembe nitaandika Kamembe kwa wote. Hakushinda, sikushinda, ndiyo bei nzuri.

Nilimkuta ameketi nyuma ya beseni, mkono mmoja ndani ya samaki. Alinisalimu kabla sijafungua mdomo, akakosea akaniita kwa jina la mwingine, nikamrekebisha. Nilichuchumaa karibu yake, kwa sababu swali lenyewe si la kuuliza umesimama. Nilimwambia kosa nimelipata, ni chumba cha asili kimebaki kitupu, na kwamba siku ile kwenye benchi nilimwuliza na hakunijibu.

"Nakumbuka," alisema. "Uliuliza vizuri. Hukusukuma."

"Leo nauliza tena, Maman. Nikuandikie wapi?"

Vidole vyake viliendelea kutembea ndani ya samaki. Alipata jiwe, akalitupa pembeni.

"Papa alikuwa anasema ni Gitambi," alisema. "Nyuma ya Gitambi, penye maji inashuka. Alitoka kule akiwa kwa mugongo ya mama yake. Hakurudi. Mi nilienda mara moja, nikaulizia. Bavijana bakaniangalia. Mzee mumoja akasema jina hilo alilisikia, lakini hakusema ni kwa uzuri ao kwa ubaya. Nikanywa maji, nikarudi."

Niliokota lile jiwe alilolitupa.

"Sasa weye ukiandika Gitambi," akaendelea, "si utasema nende kupimwa na bale ba Gitambi?"

"Hao walipimwa wiki iliyopita."

"Unaona? Nimewahi kuwa na kilima siku moja, na siku hiyo nimechelewa." Alicheka, kicheko kifupi cha pua. "Na Kamembe usiandike. Kamembe nalipa nyumba kila mwezi, muntu halipii kwa kwabo. Acha patupu. Ile mashine yako, iambie isubiri na batu kama siye."

Nikamwambia mashine haijui kusubiri. Akasema basi iambie kwa lugha inayojua. Kwa nini walininunulia miwani?

Miwani nilijinunulia mwenyewe, lakini sikubishana. Nilipanda ngazi nikijua kwamba ana haki. Nilikuwa nakimbilia kurekebisha jibu lake, na jibu lake halikuwa na kosa. Swali langu ndilo lililokuwa na kosa.

Nikaongeza sharti mwishoni: au asili ni tupu. Nikabonyeza, nikiwa na furaha kidogo, na wakatoka themanini na tisa.

Nilitaka sabini na mmoja. Mia na kumi na wanane, toa arobaini na saba. Nikahesabu mara mbili. Wamezidi kumi na wanane. Nikawaangalia, na humo nikamwona binti anayeuza mawigi, ambaye hata thelathini hajafika, na macho yake yanaona mteja kuanzia kituo cha mafuta. Nikafahamu. Lile "au" langu la mwisho lilikuwa limesimama peke yake nje ya mstari, likiwaita wote wenye utupu bila kuwauliza umri. Umefungua mlango kwa wazee waliosahauliwa, vijana wamepita wakimshika mkono bibi. Inabidi kufunga masharti ya asili pamoja kwenye mabano, kama unavyofunga bidhaa za mteja mmoja kwenye mfuko mmoja zisichanganyike na za mwingine: umri kwanza, na halafu, ndani ya mfuko, ama asili si mojawapo ya zile tatu, ama ni tupu.

Sabini na mmoja.

Safari hii sikutosheka na jumla. Nilimtafuta kila mmoja wa wale kumi na watatu kwa jina. Walikuwa wote mwishoni, kwa sababu mashine inapanga kwa asili na wasio nayo inawaweka mwisho wa foleni, chini ya wote, bila ya kuwaudhi. Nikachapa. Nikaitoa ile ya zamani mlangoni, nikabandika mpya, na Jumatano saa nne nilimkabidhi muuguzi mkononi. Alikuwa ameiona ile ya Jumatatu mlangoni, akaniuliza kwa nini wameongezeka. Nikamwambia hawakuongezeka, walikuwapo.

Alhamisi tulipimwa sote. Daktari aliangalia macho yangu kwa taa ndogo, akasema ni mazima kwa umri wangu, niende nyumbani. Yule mama wa sambaza alibakizwa. Ijumaa walimfanyia jicho la kulia.

Jumamosi asubuhi nilipika uji wa mtama, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikaenda hospitali. Nilikuwa nimejipangia kila kitu. Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumshika mkono, na nilikuwa nimeangalia kwenye mstari wake: mtu wa karibu, patupu pia. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili, Jumatatu na Jumanne.

Nilimkuta hayuko peke yake. Binti yake alikuwa amevuka alfajiri kutoka ng'ambo, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na mwanaye mgongoni. Alikuwa amekwisha kumwosha mama yake miguu, amemchana nywele, na kwenye kiti palikuwa na uji wa mtama. Sikuwa najua kama ana binti. Sikuwahi kumwuliza hata mara moja.

Bandeji ilikuwa bado haijatolewa. Aligeuza uso kuelekea mlangoni akauliza ni nani. Binti akasema ni maman mmoja amevaa miwani. Akatabasamu.

"Ah. Wa liste. Karibu, mama. Ile liste mi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa sitini na tatu."

"Si mubaya. Na weye?"

"Wa sabini na moja. Wa mwisho."

Alitikisa kichwa kama anayepima uzito wa kitu mkononi.

"Bon," alisema. "Tulikuwa karibu."

Binti yake alinipa kiti, nikakikataa, nikasema nina kazi ofisini. Ilikuwa Jumamosi, na ofisi hatufungui, lakini hawakujua. Mtoto aliyekuwa mgongoni alinishika kidole, nikabaki kidogo nimesimama hivyo, hadi alipokiachia mwenyewe. Kisha nikateremka na chupa yangu. Pale chini, nje ya wodi, palikuwa na benchi, na nikakaa nikanywa uji. Ulikuwa bado wa moto.